Dima janja inasumbua: uisawazishe, uvute nyutro, au uhamie kwenye balbu janja?

Malalamiko kuhusu dima janja, yaani swichi ya ukutani inayopunguza na kuongeza mwanga na kutii simu, yanafanana karibu kila nyumba. Siku za mwanzo kila mtu anaifurahia, halafu taa za sebuleni zinaanza kuchezacheza ukishusha mwanga. Au zinapepesa usiku ilhali zimezimwa. Au simu inadai kifaa hakipo, na wewe unakiona ukutani. Fundi anaitwa, anafunga dima nyingine ya bei kubwa zaidi, na tatizo linabaki pale pale, kwa sababu mara nyingi ile ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichokuwa hakielewani nayo ni balbu, waya au mtandao.

Kabla hujatoa hela tena, kuna njia tatu za kuchagua: kubaki na dima uliyonayo na kuisawazisha, kuweka dima inayotumia nyutro (waya wa kurudishia umeme), au kuachana na dima kabisa na kununua balbu janja, yaani balbu inayotii simu yenyewe. Msimamo wangu nautoa mapema. Nyumba ya kupanga, chukua balbu janja. Nyumba inayojengwa, nyutro ifike kwenye kila kiboksi cha swichi hata kama leo huna mpango wa dima. Nyumba yako mwenyewe iliyokwisha kupigwa plasta na rangi, sawazisha kwanza ulichonacho. Kundi hili la mwisho ndilo linalopoteza fedha nyingi bila sababu, kwa hiyo nitalizungumzia kwa kirefu.

Kosa liko wapi?

Weka simu pembeni. Nenda kwenye dima, washa taa na ushushe mwanga kwa kidole. Ikitii kidole lakini haitii simu, tatizo ni mtandao, na hakuna haja ya kufungua swichi. Ikichezacheza hata kwa kidole, tatizo ni la umeme, na kuzima na kuwasha ruta hakutabadilisha chochote.

Kwa tatizo la umeme kuna kipimo kimoja rahisi ambacho mafundi wengi hukiruka. Tafuta balbu ya zamani ya nyuzi, ile ya wati 60 ambayo baadhi ya maduka ya mtaani huenda bado yanayo. Zima swichi, toa balbu moja ya LED kati ya zilizo kwenye dima hiyo, weka hiyo ya nyuzi, kisha washa na ushushe mwanga taratibu. Taa zote zikitulia, jua mzigo, yaani jumla ya wati za taa, ulikuwa mdogo mno kwa dima. Ikitulia ya nyuzi peke yake huku za LED zikiendelea kucheza, balbu zako hazifai kwa dima au hazikubaliani na aina ya dima uliyo nayo. Na ikicheza hata ya nyuzi, tafuta waya uliolegea kwenye holda, kwenye swichi au kwenye ubao wa sakiti breka.

Mwanga ukizama kidogo kila friji au pampu ya maji inapoanza kufanya kazi, hiyo ni volti inayoshuka. Hakuna dima itakayoiondoa. Balbu za LED zenye draiva nzuri, yaani saketi ya ndani inayozilisha umeme, huvumilia mshuko huo. Zile rahisi huuonyesha wote.

Dalili moja isingoje kipimo chochote: taa za chumba kimoja zikiongezeka mwanga ghafla wakati za chumba kingine zinafifia, zima meni swichi na upige simu kwa shirika la umeme. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea au kukatika. Kwenye nyumba yenye fezi tatu, baadhi ya vyumba vinaweza kupata volti zinazokaribia 400 badala ya 230, na vitu vitaungua.

Kubaki na dima uliyonayo

Dima ya ukutani tunayoijua ilitokana na kazi ya Joel Spira, Mmarekani aliyebuni dima ya kielektroniki mwaka 1959 na kuanzisha kampuni ya Lutron mwaka 1961. Enzi hizo balbu zilikuwa za nyuzi, na urithi huo bado unatusumbua. Dima haipunguzi volti kama watu wengi wanavyodhani. Inakata sehemu ya kila nusu wimbi la umeme, na kwa umeme wetu wa hezi 50 maana yake ni kukata mara 100 kila sekunde. Balbu ya nyuzi ya wati 60 inavuta takriban miliampea 260, na uzi wake unabaki wa moto kati ya mkato mmoja na mwingine, kwa hiyo jicho halioni kitu. Balbu ya LED ya wati 7 inavuta takriban miliampea 30 tu. Ndani ya dima za kizamani kuna kifaa kiitwacho triaki, ambacho kinahitaji mkondo wa kutosha ili kibaki kimefunguka. Mkondo ukiwa mdogo kinajifunga katikati ya wimbi, kinafunguka tena, na hapo ndipo taa inapochezacheza.

Ndiyo maana dima iliyoandikwa wati 400 inaweza kushindwa kazi kwenye taa mbili za LED. Namba hiyo kubwa ni ya balbu za nyuzi. Namba mbili unazotakiwa kuzitafuta kwenye boksi ni kiwango cha juu kwa LED, ambacho huwa kidogo zaidi, na mzigo wa chini kabisa. Taa sita za dari za wati 5 kila moja zinafanya wati 30 kwa jumla. Dima inayodai angalau wati 40 haitatulia hapo hata ukiibadilisha kwa nyingine ya aina ile ile.

Kuna aina mbili za ukataji. Triaki inakata mwanzo wa nusu wimbi. Dima mpya zaidi, zinazotumia transista, zinakata mwisho wake, na hizi huelewana vizuri zaidi na balbu nyingi za LED, zina mzigo wa chini mdogo, na mara nyingi hazifanyi balbu ilie kama nyuki. Kama yako ni ya triaki na taa zako zote ni za LED, hapo kweli kuibadilisha kuna maana. Kama tayari inakata mwisho wa wimbi, usiiguse.

Kazi ya kusawazisha inaanzia kwenye balbu. Soma boksi: lazima liandikwe “Dimmable”. Balbu isiyo na maandishi hayo huenda ikacheza, ikalia, na ikafa mapema, haidhuru umeinunua wapi. Kisha balbu zote za dima moja ziwe za kampuni moja na aina moja. Kuchanganya ni chanzo cha nusu ya vurugu ninazoziona, kwa sababu kila draiva inaitikia mkato kwa namna yake: moja inazima kwenye asilimia 20, jirani yake bado inawaka.

Baada ya hapo weka kiwango cha chini cha mwanga. Dima janja nyingi zina mpangilio huo kwenye programu yake. Shusha hadi taa zianze kucheza, kisha panda kidogo mpaka zitulie zote, na uhifadhi hapo. Utapoteza ule mwanga hafifu kabisa, lakini utapata taa inayotii. Baadhi ya vifaa, kama Fibaro Dimmer 2 na Shelly Dimmer 2, vina uwezo wa kupima taa vyenyewe na kujipangia. Kila ukibadilisha balbu, rudia upimaji huo.

Zikibaki zinapepesa zikiwa zimezimwa, tatizo ni lingine. Dima isiyo na nyutro inajilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana kupitia balbu yenyewe. Balbu ya nyuzi haikujali, lakini kapasita (kijenzi kinachotunza umeme) iliyo ndani ya LED inaukusanya umeme huo mpaka inawaka ghafla, inazima, inaanza kukusanya tena. Dawa yake ni baipasi, kifaa kidogo kinachofungwa sambamba na taa ili umeme huo upite pembeni. Kinafungwa kule kwenye taa, darini, kati ya waya unaotoka kwenye dima na nyutro. Chukua baipasi ya kampuni iliyotengeneza dima yako. Kapasita zinazokuja bure na swichi janja za kuwasha na kuzima hazikutengenezwa kwa ajili ya dima.

Kwa gharama, njia hii ni nafuu kuliko zote ikiwa taa ni nyingi na dima ni nzuri. Udhaifu wake ni kwamba utabaki unategemea balbu. Ile uliyoizoea ikipotea dukani, unaanza tena kutafuta.

Kuvuta nyutro

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, zilizofungwa nyaya kwa mtindo wa Kiingereza, laivu (waya unaoleta umeme) inashuka kwenye swichi na kurudi kwenye taa, na nyutro inaishia juu. Ukifungua kiboksi unakuta nyaya mbili tu. Hapa kuna hatari ambayo siwezi kuipita haraka: waya mweusi, au wa bluu kwenye nyaya za siku hizi, unaoukuta kwenye swichi mara nyingi si nyutro. Ni waya unaorudi kwenye taa, na swichi ikiwashwa una umeme kamili. Rangi isikuamulie, apime fundi kwa mita. Tanzania Bara leseni za mafundi umeme zinatolewa na mamlaka ya udhibiti ya EWURA, Kenya na ile ya EPRA, mwombe akuonyeshe yake.

Dima yenye nyutro haijilishi kupitia balbu, kwa hiyo kupepesa kwa taa zilizozimwa karibu kunakwisha kabisa, mzigo wa chini unashuka, na redio yake ya Wi-Fi inapata umeme wa uhakika. Kwa utulivu, hii inazishinda njia nyingine zote za ukutani. Kikwazo ni ukuta. Kama bomba la nyaya lina nafasi, fundi anapitisha waya wa tatu bila kuvunja. Kama limejaa au limezibwa na saruji, utachimba plasta, na hapo gharama ya dima inakuwa jambo dogo.

Kuna njia ya katikati ambayo haitumiki vya kutosha: kuweka moduli ndogo ya dima juu darini badala ya ukutani. Kama nyaya zinakutana kwenye taa, nyutro ipo pale pale, na swichi yako inabaki kuwa kitufe cha kuiamuru. Nyumba zenye dari ya jipsamu zinafaa sana kwa hili, mradi mahali hapo paweze kufikiwa baadaye na joto lisizidi. Joto lichukuliwe kwa uzito, hasa Pwani. Hata ukutani, dima mbili au tatu zilizobanana kwenye fremu moja zinatakiwa kubeba mzigo mdogo kuliko ulioandikwa.

Neno kwa wenye ndugu Marekani. Dima nyingi za kule ni za volti 120 na hezi 60. Chaja ya simu hukubali volti 100 hadi 240, dima hizo hazikubali, na zitaungua. Kiboksi chao ni cha mstatili na skrubu zake haziendani na viboksi vyetu vya mraba. Nyingi pia zinadai nyutro, kwa kuwa kanuni za umeme za kule zinataka nyutro ifike kwenye viboksi vya swichi tangu toleo la mwaka 2011. Vifaa vya Z-Wave, mfumo wa redio wa vifaa janja vya nyumbani, vina kikwazo kingine: vya Ulaya vinatumia MHz 868.42 na vya Marekani MHz 908.42, kwa hiyo havisikilizani. Ndugu wa Uingereza ndiye wa kumwagiza, kwa sababu volti, hezi na kiboksi vyote vinalingana na vyetu.

Balbu janja

Hapa ukuta hauguswi. Unafungua balbu ya kawaida, unaweka ya kwako, na ukihama unaondoka nayo. Kufifia kunafanyika ndani ya balbu yenyewe, kwa draiva iliyotengenezwa kwa ajili ya LED zake, kwa hiyo mwanga unashuka vizuri kuliko dima nyingi zinavyoweza. Hakikisha tu umechukua ya pini au ya skrubu kulingana na holda zako, na usiiweke ndani ya kioo kilichofungwa pande zote kama kampuni haikuruhusu.

Sharti moja halina mjadala: balbu janja isiwekwe nyuma ya dima. Draiva yake inataka umeme kamili. Watu hununua balbu janja kutibu dima inayocheza, wanaacha dima ukutani, na taa zinacheza kuliko mwanzo. Dima ing'olewe, iwekwe swichi ya kawaida.

Udhaifu mkubwa ni swichi hiyo hiyo. Mgeni akiizima, au bibi kwa mazoea yake ya miaka mingi, balbu inakufa mtandaoni mpaka mtu ainuke kuiwasha. Balbu za Zigbee, mfumo mwingine wa redio wa vifaa janja, zinaongeza shida, kwa kuwa hupokezana mawasiliano: ukizima moja ya katikati, za mbali zinaweza kupotea pia. Unaweza kubandika kitufe cha betri kando ya swichi, na kinasaidia, lakini nyumba yenye watu wengi haibadilishwi tabia kwa kitufe. Kwa nyumba ya namna hiyo ninachagua dima ya ukutani bila kusita.

Bei nayo ihesabiwe kwa taa. Chumba cha kulala chenye balbu moja, balbu janja inashinda. Sebule yenye taa nane darini, utanunua balbu janja nane kwa kazi ambayo dima moja ingeifanya.

Umeme ukikatika na kurudi

Kwetu hiki ni kigezo cha kwanza, na maboksi ya vifaa hayakitaji kabisa.

Balbu janja nyingi, zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani, umeme ukirudi saa tisa usiku zinawaka kwa nguvu zote. Nenda kwenye mipangilio yake, tafuta hali baada ya umeme kurudi, uchague irudie ilivyokuwa. Balbu za Philips Hue zinao, na nyingi za mfumo wa Tuya, unaotumiwa na kampuni nyingi, zinao. Kama balbu haina mpangilio huo, usiinunue kwa chumba cha mtoto.

Kuna jambo jingine linaloshangaza wengi. Balbu nyingi za mfumo wa Tuya huunganishwa upya kwa kuzimwa na kuwashwa mara kadhaa mfululizo. Umeme ukikata na kurudi, ukakata na kurudi, balbu inadhani ni wewe. Inaanza kupepesa ikisubiri kuunganishwa, na kwenye simu haionekani tena. Dima ya ukutani haina tabia hiyo kwa kuwa ina kitufe chake cha kuunganishia, na kwa maeneo ambayo umeme unacheza sana, hoja hii peke yake inanitosha kuichagua.

Kwa upande wa jua na jenereta mambo yanageuka. Dima inahitaji wimbi safi ili ijue pa kukata. Inveta za bei rahisi hutoa wimbi lenye ngazi, na dima nyuma yake inalia, inacheza au inaungua. Jenereta ndogo isiyotulia hezi zake huleta shida hiyo hiyo. Balbu janja huvumilia zaidi. Kama nyumba inategemea inveta mara kwa mara, iwe ya wimbi safi la sine. La sivyo, acha dima.

Njia yoyote utakayoichukua, kinga ya volti kwenye ubao mkuu ni ya lazima. Mrudi wa umeme huua vifaa hivi kuliko uzee.

Mtandao

Vifaa vingi vya bei nafuu vinasikia Wi-Fi ya GHz 2.4 pekee. Ruta ikiunganisha GHz 2.4 na 5 chini ya jina moja, kuunganisha kifaa kunaweza kugoma. Zitenganishe kwa muda. Zigbee nayo iko kwenye GHz 2.4, kwa hiyo kitovu chake (kifaa kinachounganisha balbu hizo na mtandao) kisikae juu ya ruta. Umeme ukirudi, ruta huchukua dakika kadhaa kuamka, basi subiri kabla hujaanza kufuta na kuunganisha upya.

Nyumba inayotumia intaneti ya simu ya mtu mmoja isinunue vifaa vya Wi-Fi. Mwenye simu akitoka, taa zote zinabaki bila mtandao. Na bando likiisha, vifaa vinavyotegemea seva za mbali vinaacha kutii simu. Shelly inaweza kuamrishwa ndani ya mtandao wa nyumbani bila intaneti, na Hue yenye kitovu chake vilevile. Dima ya ukutani inaendelea kutii kidole kwa hali yoyote, na faida hiyo balbu janja haina: swichi yake inawasha na kuzima tu.

Vitu viwili ambavyo havimo kwenye ushindani huu

Taa za utepe zilizofichwa kwenye jipsamu ni za volti 12 au 24 na zina draiva yake. Usizifungie dima ya ukutani kama draiva haikubali. Weka kidhibiti janja upande wa volti ndogo, baada ya draiva.

Pangaboi lisiwekwe kwenye dima ya taa hata siku moja. Mota italia, itapata moto, na dima itaungua. Kama swichi moja inawasha taa na pangaboi pamoja, zitenganishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Na ukishachagua dima, nunua kwanza balbu moja moja za aina mbili tofauti, si boksi zima. Zijaribu kwa zamu usiku, kwa mwanga wa chini kabisa, huku friji na pampu zikifanya kazi. Iliyotulia ndiyo ya kurudi kuinunulia wenzake, na uchukue mbili za ziada uziweke kabatini.